Mwanangu Anamlilia Mdogo Wangu, Mimi Ananitazama Tu

Shikamoo Shangazi,

Nina mtoto wa kiume wa miezi 10. Nilijifungua salama, lakini siku chache baada ya kurudi nyumbani nilishikwa na homa kali, nikarudishwa hospitali na kufanyiwa upasuaji. Nilipotoka huko sikuwa mtu wa kumbeba mtoto. Mwili ulipoanza kupata nafuu, moyo nao ukagoma. Nilikuwa nalia bila sababu, nikimtazama mtoto namwona kama wa mtu mwingine. Sikumwambia mtu yeyote, nilijipa moyo kwamba ni uchovu.

Mdogo wangu wa kike aliahirisha masomo akaja kunisaidia. Yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyeamka naye usiku. Simlaumu hata kidogo, bila yeye sijui tungekuwa wapi. Ila sasa nimepona, nimerudi kazini kwa nusu siku, na mwanangu hanitaki. Nikimpokea kutoka mikononi mwa mdogo wangu analia mpaka sauti inakauka. Akianguka, ananipita mimi niliye karibu anatambaa kumfuata yeye jikoni. Nikirudi kutoka kazini ananitazama kidogo, anageuza uso, anaendelea na michezo yake. Baada ya muda ndiyo hutambaa akaniletea kijiko au kifuniko, akakiacha mkononi mwangu, akaenda zake. Mgeni akiingia hunikazia macho usoni, basi. Usiku kuna afadhali: nikimwimbia wimbo niliokuwa nikiuimba nikiwa na mimba yake hutulia, lakini nadhani ni usingizi tu.

Juzi wifi yangu alisema mbele ya wageni, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Wote wakacheka. Nami nikacheka.

Mdogo wangu anatakiwa kurudi chuoni baada ya miezi 2. Nimefikiria aondoke mapema, wiki hii hii. Aondoke alfajiri mtoto akiwa amelala, na asipige hata simu kwa muda, ili mtoto akose mwingine wa kumkimbilia abaki na mimi. Mume wangu anaona ni sawa. Mama yangu kwa upande wake ananionya nisimbebebebe akilia, eti atadeka. Tena nimesoma mahali kwamba mtoto asiposhikamana na mama yake katika saa za kwanza baada ya kuzaliwa, nafasi hiyo hairudi. Je, Shangazi, nimechelewa? Na mdogo wangu aondoke?

Mama wa Pembeni

*

Marahaba, mwanangu,

Mdogo wako asiondoke wiki hii, wala asiondoke kwa kunyata. Naanza na hilo kwa sababu katika yote uliyoniandikia, hilo peke yake ndilo linaloweza kumuumiza mtoto. Mengine yanakuumiza wewe, na nitayafikia.

Hujachelewa. Habari ya saa za kwanza ina chanzo chake. Miaka ya 1970 madaktari wawili wa watoto wa Marekani, Marshall Klaus na John Kennell, waliandika kwamba muda ule mara baada ya kujifungua ni wa pekee kwa mama na mtoto. Maandishi yao yalisaidia sana, maana hospitali nyingi zilikuwa na desturi ya kuwatenga watoto wachanga na mama zao bila sababu ya msingi, na zikaanza kuiacha. Lakini watu waliyapokea kana kwamba usipowahi saa hizo umekosa maisha yote. Utafiti uliofuata haukuthibitisha hivyo. Ingekuwa hivyo, hakuna mtoto aliyeasiliwa ambaye angempenda mzazi aliyemlea, wala mtoto njiti aliyekaa wiki nyingi hospitalini asingemjua mama yake. Kumkumbatia mtoto mapema ni jambo jema kwa anayeweza. Wewe ulikuwa kitandani unapigania uhai.

Tena muda ulioukosa hauna uzito unaoupa. Mtoto wa mwezi mmoja au miwili hupokea faraja kwa karibu kila mtu anayejua kumbeba. Anazo dalili za kumtambua mama, hasa kwa sauti na harufu, ila hajaweka mtu yeyote mahali pa pekee. Kuanzia miezi 2 au 3 huanza kutabasamu zaidi kwa anaowazoea. Kushikamana kwenyewe, kule kwa kumtafuta mtu mmoja akiumia na kumlilia akitoka chumbani, huonekana wazi kuanzia miezi 6 au 7 hivi, na huendelea kujengeka mwaka wa kwanza, wa pili na kuendelea. Kwa hiyo mwanao yumo katikati ya kazi hiyo sasa hivi, wakati wewe umepona na upo nyumbani. Hata watoto walioanza vibaya kuliko wako wamepona. Nchini Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi katika vituo vya yatima ambako walezi walibadilishana kwa zamu na hapakuwa na mtu wa kudumu wa kumkimbilia. Baadhi yao walipelekwa kwenye familia za kuwalea. Wengi wa waliopata familia kabla ya kutimiza miaka 2 waliweza kushikamana na walezi wao wapya. Mwanao hajawahi kukosa mtu hata siku moja.

Ndiyo maana nataka umtazame mdogo wako kwa jicho jingine. Mtoto kumng'ang'ania yeye ni ushahidi kwamba anajua kushikamana, na kazi hiyo ngumu imeshafanyika ndani ya nyumba yako. Mwaka 1964 Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 60 wa mji wa Glasgow tangu wakiwa wadogo hadi miezi 18. Walikuta kwamba kwa zaidi ya theluthi yao, mtu waliyeshikamana naye zaidi hakuwa yule anayewalisha na kuwaogesha. Wala saa nyingi za kukaa pamoja hazikutosha. Kilichokuwa na uzito ni nani anaitikia mtoto anapoita na nani anacheza naye. Jingine walilokuta ni muhimu kwako zaidi: walipofika miezi 18, walio wengi walikuwa wameshikamana na zaidi ya mtu mmoja, baba, bibi, kaka, jirani. Moyo wa mtoto haugawanywi mafungu. Akimpa mama mdogo wake, hajakupunguzia wewe.

(Harry Harlow alikuwa ameshaonyesha mwaka 1958 kwamba watoto wa nyani waliotengwa na mama zao walimkumbatia "mama" bandia wa kitambaa laini na kumwendea yule wa waya mwenye chupa ya maziwa wakati wa kunyonya tu. Lilikuwa jaribio la kikatili na sipendi kulisimulia, ila liliwanyamazisha waliokuwa wakidai kwamba mtoto humpenda anayemshibisha.)

Sasa turudi kwenye barua yako, maana umeniandikia mambo matatu ukayapita kama hayana maana.

Umesema mgeni akiingia, mtoto anakutazama usoni. Mtoto wa umri huu akikutana na kitu asichokielewa hutafuta uso wa mtu anayemwamini aone kama kuna hatari. Ukitabasamu, husogea. Ukiogopa, hurudi nyuma. Hamuulizi swali hilo mtu asiyemjali, mwanangu. Anakuuliza wewe.

Umesema anakuletea kijiko na kifuniko. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alikwenda Uganda mwaka 1954, akawa anazitembelea familia majumbani na kuwatazama watoto wachanga na mama zao kwa miezi mingi. Alichokiona ni kwamba mtoto aliyemzoea mama yake hashindi amemganda. Hutambaa mbali kidogo, akachunguza vitu, akarudi kumgusa au kumwonyesha alichookota, akaenda tena. Mama ni kituo chake cha kuondokea na kurejea. Kifuniko unachoachiwa mkononi ni sehemu ya safari hizo. Kipokee, sema kitu juu yake, mrudishie akikitaka. Usiutumie mwanya huo kumnyakua na kumkumbatia kwa nguvu, hata kama mikono inawasha.

Na umesema hutulia kwa wimbo wako. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa watoto wasiozidi siku 3 chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Watoto walibadilisha mwendo wa kunyonya ili wasikie sauti ya mama zao badala ya ya mwanamke mwingine. Walikuwa wameizoea tangu tumboni. Siwezi kukuapia kwamba mwanao anaukumbuka wimbo wa wakati ule, miezi 10 ni mingi. Lakini usiku mtoto anapokuwa mchovu na giza limemzunguka ndipo anapokuwa mgumu kuliko wakati wowote kumkubali mtu asiyemtaka. Anakukubali. Usiuite usingizi.

Lile la kugeuza uso ukirudi kutoka kazini najua linachoma. Ainsworth huyohuyo baadaye, akiwa Baltimore nchini Marekani, alitengeneza njia ya kuwapima watoto wa mwaka mmoja hivi: mama anatoka chumbani kwa dakika chache, kisha anarudi. Watu wengi hudhani kipimo ni kilio cha mtoto mama anapotoka. Yeye alijali zaidi mtoto anafanya nini mama akirudi. Wengi walikimbilia kubebwa, wakatulia, wakarudi kucheza. Wachache walilia na kumsukuma mama huku wakimng'ang'ania. Wengine waligeuza uso na kuendelea na vitu vyao kana kwamba hakuna aliyeingia. Watafiti waliofuata walipowapima hao wa mwisho mapigo ya moyo, walikuta mioyo inakwenda mbio. Mimi simpimi mwanao kwa barua, na hakuna mtu anayepaswa kumpima hivyo. Ninachotaka ukishike ni kwamba uso uliogeuka si uthibitisho wa kutojali. Ukirudi, vua viatu, keti sakafuni karibu naye, mwite jina, mwambie umerudi, kisha ngoja. Usimlazimishe, wala usinune ukaingia chumbani. Akigeuka akukute upo.

Huo mpango wako wa alfajiri una ubaya gani? Mtoto wa miezi 10 yumo katika umri ambao ameanza kuelewa kwamba mtu asiyeonekana bado yupo mahali fulani, lakini hajui atarudi lini wala hana maneno ya kuuliza. Kilio cha kutenganishwa huanza karibu miezi 6 hadi 8 na huwa kikali kati ya miezi 10 na 18. Umechagua wakati mbaya kuliko wote wa kumfanya mtu wake apotee. Miaka ya 1950 John Bowlby na James Robertson, Waingereza, waliwachunguza watoto wadogo waliolazwa hospitali zilizozuia wazazi kukaa nao. Kwanza walilia na kutafuta kwa siku kadhaa. Kisha wakanyong'onyea. Mwishowe wakawa watulivu, wakacheka na kila muuguzi, na watu wakasema wamezoea. Wazazi walipokuja, baadhi ya watoto waliwatazama kama wageni. Utulivu ule haukuwa kuzoea. Kwa hiyo hata kama mdogo wako akiondoka na mtoto akaacha kumlilia na kukuangukia wewe, usidhani umeshinda. Na mtoto anayelala na mtu akaamka hayupo anaweza kuanza kuuogopa usingizi wenyewe.

Robertson na mkewe Joyce waliona baadaye kwamba mtoto aliyetenganishwa na mtu wake hakuumia sana pale alipokuwa na mtu mwingine aliyeanza kumfahamu mapema na anayezijua tabia zake. Hapo ndipo kazi yako ya miezi hii 2 ilipo. Wewe uwe mtu huyo, mdogo wako akiwa bado yupo.

Anza na usiku, kwa sababu tayari ni wako. Wiki hizi za mwanzo wewe ndiye umlaze kila siku, na akiamka uende wewe. Mdogo wako akae kitandani kwake hata moyo ukimsukuma. Hilo likishatulia, chukua kuoga. Siku za kwanza mdogo wako awepo palepale, azungumze nanyi, mtoto amwone kwamba ameridhika. Anayempa mtoto ruhusa ya kukuamini ni yule anayemwamini tayari. Kisha awe anatoka kidogo kufuata kitu na kurudi, kisha atoke muda mrefu zaidi. Akianguka na kumkimbilia mdogo wako, mfuateni wote wawili, mama mdogo ambebe, nawe uguse alipoumia uongee naye. Baada ya muda anza kumbeba wewe. Atakataa mara nyingi. Usihesabu.

Siku ya kuondoka aage mchana, mtoto akiwa macho, ameshiba. Amkumbatie, amwambie anakwenda, aende. Bila kurudi mlangoni mara tatu. Mtoto atalia, na wewe utakuwepo kukipokea kilio hicho, na hapo utafanya kazi kubwa kuliko zote ulizofanya mwaka huu. Huenda asilale vizuri, asile vizuri, akamtafute nyuma ya mlango kwa siku au wiki kadhaa. Mtaje mama mdogo kwa jina. Aache nguo yake aliyoivaa. Apige simu ya video, mtoto amwone na kusikia sauti yake, na kama mtoto akilia baada ya simu hiyo si sababu ya kuzikata. Katika mwezi huo usimwachishe ziwa au chupa, usimhamishe chumba, usimpeleke kwa mlezi mpya. Na saa unazokuwa kazini zishikwe na mtu anayemjua. Baba yake yuko wapi katika barua yako? Umemtaja mara moja tu, anakubali mpango. Mpe zamu, naye ni mtu wa kushikamana naye.

Mama yako nisalimie, ila kwa hili simwungi mkono. Mwaka 1972 Silvia Bell na Ainsworth waliandika kwamba watoto walioitikiwa haraka walipolia miezi ya mwanzo walipunguza kulia mwaka wao wa kwanza ulipokaribia kwisha. Wapo watafiti waliobishana nao juu ya hesabu zao, na mjadala ule sitaki kuumaliza hapa. Lakini sijaona ushahidi kwamba mtoto wa miezi 10 huharibika kwa kubebwa akiwa na hofu. Kudeka kwa mtoto wa miaka 4 anayetaka simu ya baba ni jambo jingine. Huyu bado anajifunza kwamba akiita kuna mtu anakuja, na wewe ndiwe unayetaka kuwa mtu huyo.

Usije ukageuka mama wa kukimbilia kila pumzi, ukahofia kila kosa. Edward Tronick, aliyewarekodi mama na watoto wachanga wakitazamana na kucheza, alikuta kwamba hata wanaoelewana vizuri huwa pamoja kihisia takriban theluthi moja tu ya muda. Uliobaki mmoja anatazama kule, mwingine amekosea ishara, kisha wanatafutana tena. Kule kutafutana tena ndiko kunakomfundisha mtoto. Ukimkatia mchezo bila kujua akakasirika, jirekebishe mwendelee.

Zungumza na mdogo wako kabla ya yote. Mwambie wazi kwamba unamwonea wivu na kwamba unamshukuru, vyote viwili kwa pamoja, asije akajitenga na mtoto akidhani anakusaidia. Naye amemlea mtoto huyu miezi 10 na anakaribia kumwacha. Hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Wifi yako mwache, hakuwepo ulipokuwa hospitali.

Ungeniuliza ni mtoto gani wa kumpeleka akachunguzwe, ningesema yule ambaye karibu na mwaka mmoja hatazami uso wa mtu yeyote, hatabasamu akichezewa, hageuki akiitwa, au akiumia hamtafuti mtu yeyote. Si huyo wako.

Wewe ndiye ninayekutuma. Kulia bila sababu na kumwona mtoto kama wa mtu mwingine baada ya kujifungua ni dalili za sonona ya uzazi, ugonjwa unaowapata takriban mama 1 kati ya 10 na unaotibika. Unasema umepona, na huenda ni kweli, lakini hukuwahi kumwambia mtu, kwa hiyo hakuna aliyekutazama. Mama mwenye sonona hupata shida kuzisoma ishara za mtoto wake hata akimpenda sana, na kutibiwa ni sehemu ya kulirudisha hilo unalolitafuta. Nenda kliniki wiki hii. Usimwambie muuguzi kwamba ulikuwa umechoka, mwambie kama ulivyoniambia mimi. Na ikiwa bado kuna siku unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri miadi, mwamshe mumeo akupeleke saa hiyohiyo.

Shangazi